Fundi Cherehani kwenye Uwanja wa Maputo

Watu wakiona puto kubwa linaelea angani huuliza linakwenda wapi na nani analiendesha. Mimi niliuliza limeshonwaje. Nimekulia Ngamiani, Tanga, miguuni pa cherehani ya shangazi yangu, na hapa Albuquerque, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, kinachonilisha ni kurekebisha mashela: kubana kiuno, kupunguza pindo, kutia kipande ubavuni pale bibi harusi aliponenepa baada ya kununua. Mwenzangu kazini ni mwenyeji wa hapa, na mjomba wake ana puto. Aliponikaribisha nisaidie kikosi chao mwanzoni mwa Oktoba, nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Kuyaona maputo ningeweza hata dirishani kwangu. Nilitaka kukishika kile kitambaa.

Tamasha lenyewe linaitwa Albuquerque International Balloon Fiesta, na hakuna la maputo lililo kubwa kulishinda duniani. Lilianza mwaka 1972 kwa maputo 13 tu, kwenye maegesho ya magari ya Coronado Center, eneo la maduka, redio KOB ilipokuwa ikisherehekea kutimiza miaka 50. Kufikia mwaka 2000 maputo yalikuwa yamepita 1,000, waandaaji wakaona yamezidi, wakapunguza. Siku hizi huja mia tano na kitu, kwa siku tisa mfululizo, kwenye uwanja mpana wa nyasi kaskazini mwa mji. Kiingilio kipo, lakini watoto wadogo hawalipi, ndiyo maana jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, alikuja na wanawe wote. Mtazamaji hawekwi nyuma ya kamba. Anapita katikati ya maputo yanapojazwa, anazungumza na marubani, watoto wanawaomba kadi zenye picha za maputo yao. Wana wa jirani yangu walikuwa wamejaza mifuko kabla jua halijachomoza.

Tulifika Jumamosi, saa kumi na nusu alfajiri. Hili ni jangwa, lakini la nyanda za juu. Mji uko kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na Iringa, na alfajiri ya Oktoba baridi inauma vidole. Nilivaa jaketi, juu yake kanga, juu ya kanga jaketi jingine. Mwenzangu alicheka. Baadaye akaazima kanga yangu ya pili iliyokuwa mkobani, na hakuirudisha hadi mchana.

Kitambaa kilitoka kwenye gunia la turubai lililobebwa na watu wanne. Tulikivuta kikanyooka kwenye nyasi, mita zaidi ya ishirini, nami nikapiga magoti na tochi. Ni nailoni nyembamba, yenye miraba midogo ya uzi mnene iliyofumwa ndani yake ili mpasuko ukianza usikimbie. Imepakwa dawa ya kuzuia hewa isivuje. Mshono ni ule wa suruali ya jinzi: kingo mbili zinakumbatiana, zinakunjwa, kisha zinapigwa kwa sindano mbili sambamba, uzi mmoja ukikatika mwingine ubaki. Umbo zima ni vipande virefu vilivyounganishwa kutoka mdomoni hadi utosini, na penye kila muungano unapita utepe mnene. Tepe nyingine zinalizunguka puto kwa mlalo.

Kwa aliyewahi kukata sketi ya vipande, hesabu ni ileile, isipokuwa kiuno kiko juu na mwenye kuivaa ni hewa. Lakini kuna jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika sketi yoyote. Vipande vimekatwa vipana kuliko nafasi iliyopo kati ya utepe na utepe. Mwanzo nilidhani aliyekata alikuwa na haraka. Mjomba wa mwenzangu, ambaye ndiye rubani na ambaye hapa nitamwita Mzee, aliona ninavyopima kwa shubiri, akachuchumaa kunieleza. Upana ule ndio unaofanya kila kipande kitune puto likijaa, na kitambaa kinachotuna hakivutwi sana. Uzito wa tenga, wa mitungi ya gesi na wa watu unapanda kwa tepe. Kitambaa kazi yake ni kuzuia hewa tu.

Mdomoni pa puto nailoni inakoma. Hapo wametia Nomex, kitambaa kisichoshika moto upesi, kwa kuwa nailoni ikiguswa na mwali huyeyuka. Na utosini kuna tundu kubwa la duara, lililozibwa kwa duara jingine la kitambaa ambalo halikushonwa pembeni hata kidogo. Nililiuliza hilo tena, nikidhani Kiingereza changu kimeniangusha. Halikushonwa. Limefungwa kwa kamba tu, na hewa ya moto ndiyo inayolisukuma juu lizibe tundu. Rubani akitaka kushuka anavuta kamba, duara linashuka kidogo, hewa inatoka, kisha anaachia linajirudia lenyewe. Ningekuwa ndiye mshonaji nisingelala usingizi.

Tenga la henzerani likalazwa ubavu. Huwa nashangaa kwamba chombo cha angani bado kinasukwa kwa henzerani, lakini sababu ni ya maana: linapogonga ardhi, henzerani hujipinda na kurudi, na lile pigo linaishia humo badala ya kuishia kwenye magoti ya abiria. Feni ya petroli ikawashwa, mimi na kijana mmoja tukaushika mdomo, huyu huku na yule kule, hewa baridi ikaingia hadi puto likawa chumba kilicholala. Mzee akafyatua mwali, urefu wake unamzidi mtu, unanguruma, joto likapita kati yetu. Kule mbali, mtu aliyeshika kamba ya utosini alikuwa amejitupa nyuma kwa uzito wake wote ili puto lisiyumbe likiinuka. Tenga lilipokaa sawa sote tukalilalia kwa viwiko, watu sita, maana wakati huo halina tena nia ya kubaki chini.

Hata hivyo hakuna anayeondoka bila ruhusa ya punda milia. Ndivyo wanavyoitwa waongozaji wa uwanjani, kwa sababu huvaa mistari myeusi na myeupe, na wengine hutia madoido, makoti marefu na kofia za ajabu. Wanatazama juu kama njia iko wazi, wanahakikisha watazamaji wamesogea, kisha wanapiga filimbi na kuinua dole gumba. Nimetoka nchi yenye punda milia kwa maelfu, nikajikuta uwanjani Marekani nangoja amri ya punda milia mwenye filimbi mdomoni.

Jirani yangu alifika wakati puto letu linainuka. Akalisindikiza kwa macho, akaniuliza, “Dada, sasa ile kitu inaendaka wapi?”

Swali lake lina majibu mawili. La kwanza ni la kwa nini linapanda. Hewa ikipata moto hutanuka, kwa hiyo mita moja ya ujazo iliyopashwa hadi kukaribia nyuzi 90 ni nyepesi kuliko mita hiyohiyo ya hewa baridi iliyo nje. Kwa mwinuko wa Albuquerque, katika asubuhi ya nyuzi tano, tofauti ni robo kilo hivi. Robo kilo si kitu, lakini puto la kawaida la abiria watatu au wanne lina mita kama 2,200 za ujazo, na robo kilo mara 2,200 ni zaidi ya nusu tani. Humo uzito wa kitambaa chenyewe, tenga, mitungi na watu unaenea. Ndiyo maana baridi tuliyoilalamikia ni rafiki wa rubani: nje kukiwa na baridi zaidi, gesi inayochomwa hupungua. Na ndiyo maana wanaruka alfajiri. Jua likishaipasha ardhi, hewa huanza kuchemka kwa mikondo ya kupanda na kushuka, na puto halina jinsi ya kukabiliana nayo.

La pili ndilo alilotaka hasa jirani yangu, nalo ni kwamba rubani hana usukani. Anakwenda upepo unakokwenda. Alichonacho ni uhuru wa kuchagua kimo, na Albuquerque imepata jina kwa sababu vimo viwili vya hapa huwa na pepo mbili. Usiku hewa baridi hujikusanya katika bonde la mto Rio Grande na kutiririka chinichini kutoka kaskazini kwenda kusini. Juu yake, mita mia kadhaa, upepo mara nyingi unavuma kutoka kusini. Rubani hodari huondoka chini akielekea kusini, anapanda, anarudishwa kaskazini, anashuka tena, na asubuhi zenye bahati huweza kutua karibu na alipoondokea. Wenyeji huuita mzunguko huo sanduku. Haupatikani kila siku, na kabla ya jua kuna maputo machache yanayotangulia gizani, yenye taa, ili wengine waone pepo zimelalaje. Kisha inapandishwa bendera: kijani ruka, manjano ngoja, nyekundu rudi nyumbani ukalale.

Jumamosi hiyo sanduku halikuwepo. Puto letu lilikwenda kusini na kuendelea kusini. Tukalifukuza kwa pikapu yenye trela nyuma, mwenzangu usukanini, mimi na redio ya mkononi, macho juu. Sehemu hii watazamaji hawaioni, nami naona ndiyo nusu ya mchezo. Gari linafuata barabara na puto halifuati. Mara linakatiza mto na daraja liko mbali, mara linashukia mtaa usio na njia ya kutokea. Mzee alikuwa anatutajia anachokiona kutoka juu, nasi tunamtajia nyaya za umeme. Nyaya ndizo zinazoogopwa kuliko chochote. Juni 2021, mjini humuhumu, si wakati wa tamasha, puto liligonga nyaya na watu watano wakafa. Kila niliyezungumza naye siku zile mbili alilitaja tukio hilo bila kuulizwa.

Alitua kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba za watu. Mama mmoja akatoka na kikombe cha kahawa, amevaa gauni la kulalia, akasema karibuni. Puto likitua kwako, adabu ni kuomba radhi na kutoa shukrani, na mama yule alipewa beji ya puto letu. Kwa kawaida baada ya kutua hufunguliwa shampeni. Husimuliwa kwamba marubani wa kale wa Ufaransa walibeba chupa za kuwapoza wakulima waliotuliwa mashambani, na sishangai, maana Agosti 1783 puto la gesi lisilo na mtu lilipoanguka Gonesse, karibu na Paris, wanakijiji walilivamia kwa uma za kuvunia majani. Mimi nilimiminiwa juisi ya tofaa.

Kukunja hakuna kukunja. Unaukumbatia mdomo wa puto, unakamua hewa ukienda utosini, kisha kitambaa kinasokomezwa guniani na mtu mzito kuliko wote anakalia juu. Nilitazama pembeni.

Mchana haruki mtu, kwa hiyo mwenzangu alinipeleka kwenye jumba la makumbusho lililo jirani na uwanja, lenye majina ya Anderson na Abruzzo. Maxie Anderson na Ben Abruzzo walikuwa wakazi wa mji huu, na Agosti 1978, pamoja na Larry Newman, waliivuka bahari ya Atlantiki kwa puto la heli, Double Eagle II, kutoka jimbo la Maine hadi Ufaransa. Hakuna aliyewahi kufanikiwa kabla yao. Mwenzangu alijivuna kama aliyekuwemo, nami sikukubali kuachwa. Nikamwambia kwamba riwaya ya kwanza iliyompa umaarufu Jules Verne, iliyotoka mwaka 1863, inahusu puto linaloikatiza Afrika, na linaondokea Zanzibar. Na kwamba mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith aliondoka kweli Zanzibar kwa puto la haidrojeni alilolipa jina Jambo, akavuka mkondo wa bahari hadi bara, kisha akaenda kuwatazama wanyama kutoka juu. Alan Root, mpiga filamu wa Kenya aliyekuwa naye katika safari hiyo, alipita juu ya Kilimanjaro kwa puto la hewa moto mwaka 1974, na hakukawia kuanza kuwarusha watalii Maasai Mara. Biashara hiyo ndiyo tunayoijua sisi: puto ni la mgeni, tiketi ni mamia ya dola, na mwenyeji yuko chini anashika kamba. Hapa nimekutana na mwalimu mwenye puto, na fundi bomba mwenye puto. Lililotumika hununuliwa kwa bei ya gari lililotumika, na kikosi hakilipwi. Kinaahidiwa kurushwa.

Ahadi yangu ilitimizwa Jumapili. Mzee aliniuliza uzito wangu mbele ya watu, nikamnong'oneza. Bendera ya kijani, punda milia, dole gumba, na nyuso za kikosi zikawa chini yetu bila mimi kuhisi nimeinuliwa. Upepo hausikiki kwa kuwa unakwenda nao. Mbwa wanasikika, mbwa wa mtaa mzima, kila mwali ukinguruma wanaanza upya. Mzee alituteremsha hadi Rio Grande, mto wa maji ya udongo wenye miti iliyoanza kuwa manjano kingoni, akaligusisha tenga majini kidogo, miguu yetu mikavu, kisha akapandisha. Safari hii sanduku lilikuwepo. Tulipofika juu, mji ukaanza kurudi ulikotoka.

Abiria mwingine alipiga picha milima ya Sandia. Mimi nilikuwa nimeinua shingo. Jua lilikuwa limelipiga puto kwa ubavu na matundu ya sindano yakawa yanapitisha nuru, safu mbilimbili, kutoka mdomoni hadi kule kwenye duara lisiloshonwa. Nikauliza kama hewa haitokei hapo. Inatoka, Mzee akasema, lakini kidogo. Kinachotushusha ni kupoa. Nikaona pia sehemu zilizotiwa viraka, vimepigwa vizuri. Karibu yetu wakapita nyuki wawili walioshikana mikono, maputo mawili yenye miguu na papasi, na hapo nilimsahau Mzee na mto na kila kitu. Puto la mviringo ni hesabu. Nyuki ni ukataji: ndani yake kuna kuta za kitambaa zinazovuta hapa na kuachia pale, la sivyo kila kiungo kingejaa kuwa mpira. Nani aliyelichora lile kwenye karatasi, na alianzia wapi?

Watengenezaji wa kwanza wa maputo hawakuwa na hata cherehani. Puto ambalo ndugu Montgolfier, watengeneza karatasi wa Annonay, Ufaransa, walilirusha mbele ya watu Juni 1783 lilikuwa la kitambaa cha magunia kilichotiwa karatasi kwa ndani, katika sehemu nne zilizounganishwa kwa vifungo 1,800. Vifungo! Septemba mwaka huo waliwapandisha kondoo, bata na jogoo mbele ya mfalme huko Versailles, na Novemba watu wawili wakaruka juu ya Paris. Ilisubiriwa hadi mwaka 1960 ndipo Mmarekani Ed Yost aliporuka kwa nailoni na gesi ya mitungi, na puto la kisasa likapatikana.

Tulitua, tukakamua, tukasokomeza. Kabla ya kwenda nyumbani nikamtafuta fundi mwenye kibanda pembeni ya uwanja, anayekarabati maputo kwa kibali cha serikali. Alikuwa na cherehani ya sindano mbili mezani, nzito, ya zamani, na nikaitambua kazi yake kabla hajasema neno. Akanieleza kwamba kila mwaka puto hukaguliwa. Kitambaa hubanwa kwa vibano na kuvutwa kwa mizani kuona kama bado kina nguvu, na utosini hutazamwa kibandiko kinachobadilika rangi puto likiwahi kupashwa kupita kiasi. Tundu dogo mwenye puto anaruhusiwa kuliziba mwenyewe akifuata maelekezo ya mtengenezaji. Utepe ukikatika haruhusiwi, unaletwa kwa fundi.

Nilimwonyesha picha za mashela kwenye simu. Akazitazama kwa utulivu, akakuza pindo moja kwa vidole, akauliza uzi gani. Nikamjibu. Akasema kibali cha ukarabati kinadai uzoefu wa miezi 18 chini ya mtu mwenye kibali, na kwamba majira ya baridi ndiyo ya ukaguzi, kazi humzidi, na vijana hawapendi kukaa kitako.

Nimemwachia namba yangu. Mwenzangu kazini bado hajui.